Mhifadhi Mkuu wa Friji Iliyokufa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakubwa na wadogo, walio macho na wanaosinzia, kwamba Chama cha Wapenzi wa Mzee Wino kimemteua fundi friji ajulikanaye kama Gesi kuwa Mhifadhi Mkuu wa Maisha wa vitabu vyote vya michoro vya chama hicho. Kura tatu zilikubali. Moja ilikataa, nayo ilikuwa ya mteule mwenyewe. Mteule akaombwa atoe neno la shukrani mbele ya hadhira. Neno alilitoa. Tutalifikia mwishoni, maana halina urefu wa kubeba mwanzo wa habari.

Kwanza tumjue mtu wetu.

Gesi ni mfupi, mpana wa mabega, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na bado hajaambiwa kwa nini. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani friji zimesimama bega kwa bega kama wagonjwa waliomngoja daktari mpaka wakasahau wanaumwa nini. Kuna friji zisizo na milango na kuna milango isiyo na friji. Kompresa zimepangwa chini kama maboga sokoni. Harufu ni ya mafuta ya mashine, na kwa mbali ya samaki wa mteja fulani aliyeleta friji yake kwa haraka bila kumtoa marehemu.

Kama mafundi wengi, Gesi ana mdomo mwongo. Akikwambia "njoo kesho", kesho yenyewe hushtuka kusikia imetajwa. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote: mikono yake haijui uongo. Mikono ile ikigusa kitu kibovu, haitulii mpaka kipone, mwenyewe atake asitake. Kuna mama aliwahi kununua kwake friji iliyokufa kabisa, aifanye kabati la nguo. Gesi akasema subiri niipanguse vumbi. Katika kupangusa akaona waya umekatika, akauunga. Akaona gesi imevuja, akaijaza, maana kitambaa si alikuwa nacho mkononi? Wiki hiyohiyo mtoto mtundu wa nyumba ile akaichomeka kwenye umeme. Asubuhi mama akarudi karakana amebeba gauni la sherehe lililosimama lenyewe kama linadai haki zake.

"Fundi, nilikuomba kabati!"

"Mama, lilikuwa linaumwa."

Basi mtu huyu, ambaye maishani hakuwahi kusoma kitabu chochote zaidi ya kile kinachoeleza namna ya kubadilisha thamostati, siku moja alifungua friji ya mtumba iliyokuja kutoka ng'ambo. Kwenye droo ya mboga, aliyeisafirisha alikuwa amejaza makaratasi na soksi ili droo isigonge njiani. Chini ya soksi kulikuwa na kitabu kikubwa, kizito, chenye michoro mitupu.

Gesi akakaa juu ya kreti akitupie jicho mara moja. Wakati huo nyama ya mwenye bucha aliyeharibikiwa friji ilikuwa ikimngoja upande wa pili wa barabara. Ikangoja mpaka ikaanza kulia maji.

Michoro ilikuwa ya mchoraji mmoja wa zamani wa manga, zile hadithi za picha za Kijapani. Ilimwonyesha askari mzee aliyestaafu, anayetembea kwenye mvua huku nyuma yake akifuatwa na farasi wake aliyekwisha kufa. Ndiyo habari yote, ukurasa baada ya ukurasa: mzee, mvua, farasi marehemu. Lakini mvua yenyewe! Kila tone lilikuwa na mwinamo wake. Mengine yalionekana kabisa kwamba yalianza safari kwa nia moja na kubadili mawazo katikati. Gesi, aliyezoea kuangalia maji yakitoka pasipotakiwa, hakuwahi kuona mtu aliyeyaheshimu kiasi kile.

Akamwonyesha jirani yake, Mchora Vibao, ambaye huandika "Hapa Tunauza" na "Usikojoe Hapa" kwa mwandiko uleule wa madaha. Mchora Vibao akatazama tone moja muda mrefu, kisha akaenda kukaa nje peke yake. Yeye naye akamwita Mfamasia wa mtaa, mtu wa miwani na sauti ya jukwaani, na hapo ndipo chama kilipozaliwa, Mfamasia mwenyekiti, Mchora Vibao katibu. Jina la mchoraji liliandikwa kwa herufi ambazo hakuna kati yao aliyeweza kuzisoma, wakamwita Mzee Wino. Wakaanza kupekua marobota ya vitabu vya mitumba. Kimoja kikapatikana, halafu kingine, halafu kingine chenye jalada la kitambaa ambacho Mfamasia alikinusa kwanza ndipo akakifungua.

Kila Jumapili mchana walikutana karakana. Mfamasia alikuja na glavu za dukani kwake, na mwenye kufungua kurasa alikuwa yeye tu. Kukohoa kulikatazwa. Kupiga chafya kulihitaji ruhusa ya mwenyekiti, na mwenyekiti hakuwahi kuitoa kwa wakati. Yale maandishi ya pembeni ya michoro Mfamasia aliyafafanua kwa kirefu.

"Hapa," alisema akigusa mstari, "Mzee Wino anatueleza uchungu wa kuachwa."

"Umejuaje?" Mchora Vibao akauliza.

"Kwa mtiririko."

"Mbona mtiririko huohuo juzi ulisema ni uchungu wa meno?"

"Ndugu katibu, uchungu ni uchungu."

Mjadala mkubwa kuliko yote ulihusu jicho la farasi. Mfamasia alishikilia kwamba lina huzuni. Mchora Vibao alishikilia kwamba lina usingizi. Gesi hakushikilia kitu. Kazi yake ilikuwa kuvilinda vitabu, na humo ndimo balaa lilimokuwa likifuga ndevu.

Alivilinda kwenye friji zilizokufa. Usicheke. Friji ina mlango wenye mpira na sumaku. Vumbi haliingii, mende haingii, panya anagonga mwamba, mwanga nao unabaki nje. Mfamasia aliongeza vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya makopo ya dawa. Tatizo ni kwamba friji nyingi zinazofika kwa fundi zimeshachoka mpaka mpira. Milango ilikuwa inaachia. Gesi alilala na hofu ya unyevu kama wengine wanavyolala na hofu ya Mungu.

Ndipo mama mkwe wake akaleta friji yake.

Ilikuwa ya kizamani, nzito, ya rangi ya maziwa yaliyokaa. Haikuwa inagandisha tena. Mama mkwe, mjane anayeishi peke yake mtaa wa pili, akaikabidhi kwa mkwe wake kwa maneno machache: "Mkwe wangu, hii alininunulia marehemu. Uiangalie kwa adabu."

Mikono ya Gesi iliiponya jioni ileile. Kisha akaifunga mlango kuijaribu, na mlango ukafanya *fup*. Alikuwa hajawahi kusikia *fup* kama ile. Ilikuwa sauti ya bahili anayefunga kabati lake. Akafungua, akafunga tena. *Fup.* Akaitazama friji. Akavitazama vitabu. Akachomoa plagi.

"Wiki hii tu," akajiambia.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuwa mafundi friji. Gesi aliirefusha njia ile mpaka ikapata kona na vituo vya kupumzikia. Kwanza kompresa ilikuwa imeagizwa. Halafu kompresa imefika lakini si yenyewe. Halafu yenyewe imepatikana lakini iko kwenye meli, na meli, Mama, unajua meli. Mwaka ukapita, ukamwita mwenzake.

Na kwa kuwa mtu asiye na friji hawezi kuweka chakula, mama mkwe akaanza kula mchana kwa binti yake. Mara ya kwanza alikuja kama mgeni. Mara ya pili alikuja na kijiko chake. Baada ya hapo alikuwa na kiti, kile cha kutazama mlango, na mtu mwingine akikikalia kiti chenyewe kilionekana kuona haya.

"Vitunguu hivi umevikata au umevitisha?" alimuuliza binti yake.

"Mama, kula."

"Ninakula. Nimeuliza tu. Na wewe mkwe, meli imefika wapi?"

"Iko njiani, Mama."

"Nahodha anaiendesha au anaisukuma?"

Usiku wala mchana mke wa Gesi hakuwa na amani na jambo hili. "Baba watoto," alisema, "fundi friji mzima, mama mkwe wako hana friji! Watu wakiniuliza kazi yako siku hizi nawaambia unauza viatu."

Gesi alimeza. Kueleza ukweli maana yake ni kurudisha friji, na kurudisha friji ni kumrudisha yule askari mzee na mvua yake mikononi mwa unyevu. Akaendelea kumeza.

Siku moja akaitwa kwenye chumba cha baridi cha mwenye bucha. Alipokuwa huko, mke wake na mama mkwe wakatokea karakana na msukuma mkokoteni. Walikuwa wamekata shauri: friji inakwenda kwa fundi mwingine.

Mchora Vibao, aliyekuwa nje akipaka kibao, akajitupa mlangoni na brashi yake ikichuruzika. "Shemeji! Hiyo msiiguse! Ina... ina gesi ya sumu."

"Ipi?"

"Ile ya kijani."

"Gesi ina rangi?"

"Ndiyo ubaya wake, shemeji. Ukiiona umeshachelewa."

Mke wa Gesi akampita kama unavyopitwa mlingoti. Akachukua plagi. "Ngoja nione imekufa kiasi gani, nisije nikadanganywa na huko tuendako." Akachomeka.

Friji ikaunguruma polepole, kwa raha, kama paka aliyepata paja.

Mchora Vibao alitazama brashi yake kana kwamba ndiyo iliyowasha. Mke akafungua mlango. Taa ya ndani ikawaka, ikamulika vitabu vilivyosimama kwenye rafu kwa unyenyekevu, kila kimoja na vifuko vyake vya dawa miguuni.

Mama mkwe akachomoa kimoja bila glavu. Mchora Vibao akaziba macho. Bibi akafungua katikati, akamtazama farasi aliyekufa kwenye mvua, akatikisa kichwa.

"Huyu farasi ana njaa," akasema. Akakiweka juu ya meza na kumgeukia msukuma mkokoteni. "Mwanangu, beba."

Gesi aliporudi alikuta vitabu vimerundikwa juu ya meza ya kazi, na sakafuni alama ya pembe nne pasipo na vumbi. Nyumbani alimkuta mke wake amekaa kwenye kile kiti cha kutazama mlango.

"Meli imefika," mke akasema.

"Mama watoto, niache nieleze."

"Eleza."

Gesi akafungua mdomo, ule mdomo wake hodari, na kwa mara ya kwanza ukawa hauna kitu. "Mlango wake," akasema mwishowe, "unafunga vizuri sana."

"Umemnyima mama yangu maji baridi miaka yote hii kwa sababu mlango unafunga vizuri."

"Ukiusikia..."

"Nimeusikia! Na mimi nitakufungia mmoja utausikia!"

Akaufunga, wa chumbani. Ulisikika mpaka kwa Mfamasia.

Zilifuata siku mbaya kwa chama. Vitabu havikuwa na pa kulala. Famasi ya mwenyekiti ilinuka dawa ya kikohozi. Kwa Mchora Vibao kila kitu kilikuwa na tone la rangi, hata paka. Wakavirudisha kwenye friji iliyokuwa na mpira uliolegea, na mvua ya kweli, ile isiyojali sanaa, ikanyesha. Asubuhi kitabu cha jalada la kitambaa kilikutwa ukingo wake umejikunja kama sikio la mbuzi. Mfamasia alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Hakutoa hotuba, na hapo ndipo wenzake walipoogopa.

"Ikinyesha tena vitatu vinakwenda," Mchora Vibao akasema.

"Najua," Gesi akasema.

Nyumbani nako hakukuwa na heri. Mama mkwe hakuja tena mchana. Ana friji, aje kufanya nini? Mke alikata vitunguu na hakuna aliyeuliza kama amevitisha. Mara mojamoja alisimamisha kisu na kutazama mlango, halafu akaendelea. Kile kiti kilibaki kitupu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ndipo ujumbe ukafika: mama mkwe anamwita mkwe wake. Friji imekufa.

Gesi alibeba kisanduku cha vifaa akaenda mbio. Yeye hajui kutengeneza kitu kikafa upesi hivyo. Alipofika, bibi alikuwa amekaa kando ya friji kwenye kigoda, mikono mapajani, kama aliyekaa na mgonjwa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu juzi. Iliguna, ikanyamaza."

Gesi akafungua. *Fup.* Ndani kulikuwa na nusu ya limau, na bakuli moja dogo lililofunikwa sahani. Chakula cha mtu mmoja, kilichopikwa mara moja ili kiliwe mara nyingi. Akafunga taratibu, akainama kutazama nyuma.

Plagi ilikuwa sakafuni. Waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kitambaa, kwa fundo zuri kama la zawadi.

Mikono ya Gesi ikaanza safari yenyewe. Ilishafika kwenye plagi na kuanza kulifungua lile fundo pale kandambili ya mama mkwe iliposhuka juu ya waya, bila haraka.

"Naona ni kompresa," bibi akasema.

Gesi akainua macho kutoka sakafuni. "Mama, hii plagi..."

"Mkwe wangu. Mimi nimekaa na hii friji kabla hujajua kuoga. Nimesema ni kompresa."

Gesi akaiondoa mikono yake kwenye waya, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiondoa kwenye miiba. Akaiweka mfukoni isije ikamwaibisha.

"Ni kompresa," akakubali.

"Ndiyo hiyo nilikuwa nakwambia. Kipuri kinapatikana?"

"Kinatoka mbali, Mama."

"Mbali sana?"

"Mbali sana. Kwa meli."

"Aa," bibi akasema, akashusha pumzi kama aliyeambiwa mtoto amefaulu. "Basi itabidi nile kwenu. Nitafanyaje sasa?" Akasimama, akatafuta kijiko chake, akakipangusa kwa kanga. Mlangoni akageuka. "Na yule farasi mwenye njaa umweke rafu ya juu. Goti langu hili haliinami. Nitakuwa napita kumwona."

Mchana huo Gesi aliingia nyumbani na bibi nyuma yake. Mke akamtazama mumewe, akamtazama mama yake, akakitazama kijiko.

"Kompresa tena?"

"Kompresa tena."

"Haya," mke akasema, na kuongeza kitunguu kwenye ubao. Alikikata ovyo kabisa, makusudi.

Jumapili iliyofuata friji ya rangi ya maziwa yaliyokaa ilisimama mahali pake, juu ya ile alama yake sakafuni. Vitabu viliingizwa kimoja kimoja. Mama mkwe alikalia kreti ya mbele, akiwa ameshaandikishwa chamani baada ya kutishia kukohoa. Kuhusu jicho la farasi, Mchora Vibao alikuwa amehama kambi ya usingizi akaingia ya njaa. Mwenyekiti alibaki peke yake na huzuni, jambo ambalo alisema Mzee Wino angelielewa.

Kura zikapigwa. Mfamasia akavaa glavu mpya, akasafisha koo, akanena juu ya tone na wino, juu ya mikono iliyochora kwa miaka na mikono inayohifadhi kwa miaka, juu ya urithi wa binadamu unaolala humu ndani ukiwa mkavu na salama. Bibi akasinzia, akazinduka, akapiga makofi mahali pasipo pake. Msukuma mkokoteni, aliyengoja malipo yake mlangoni, naye akapiga.

"Na sasa," Mfamasia akasema kwa sauti iliyotetemeka, "namwomba Mhifadhi Mkuu wa Maisha atueleze, kwa maneno yake mwenyewe, nini kimejaa moyoni mwake saa hii."

Gesi akasimama. Akafunga mlango wa friji. *Fup.* Akauzungushia kidole ukingoni, polepole, kwenye mpira wote. Kisha akawageukia.

"Plagi nimeikata," akasema. "Mikono yangu naijua."